Shirikisho la kandanda ndani ya daftari la hisabati

Ilikuwa yapata saa mbili za usiku, siku ya Jumamosi, nami nimejinyoosha kitini nikingoja chakula kiive, mlango ulipobishwa kwa kishindo. Kufungua, ni jirani yangu wa orofa ya tatu, leso kajifunga kibwebwe, na mkononi kashika daftari la kurasa 96 kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota mkia wa nyoka.

"Jirani, wewe ndiwe uliyesomea mambo ya kuandika," akaanza kabla hata sijamkaribisha. "Hebu nisomee hiki kitu, kisha uniambie kama mwanangu karogwa."

Mwanawe namfahamu. Ni kijana wa miaka kumi na mmoja, mpole, asiye na makuu, ambaye hunisalimu kwa adabu kila tunapopishana ngazini. Mama akanieleza kwamba tangu Alhamisi mtoto hali vizuri, na akila hamalizi. Jioni ya Alhamisi hiyo alitoka chumbani machozi yakimlengalenga. Alipoulizwa ni nani aliyempiga, akajibu kwa sauti ya chini: "Hakuna, Mama. Ni Radi imeshuka."

"Nilitimka mbio hadi dirishani," mama akasema, "nikidhani nyumba za watu zinaungua. Kutazama mbingu, nyeupe pe, hakuna hata wingu! Ndipo nikajua hapa pana jambo."

Jambo lenyewe lilipatikana siku ya pili chini ya godoro. Baba mtu alilifumania hilo daftari ambalo juu yake pameandikwa HISABATI kwa herufi kubwa, na ndani hamna hisabati ya mwalimu hata moja. Baba akaapa kwamba Jumapili haitapambazuka kabla daftari hilo halijawashia makaa. Mama kuona hivyo akalinyakua, akateremka nalo kwangu.

Basi nikalisoma. Chakula kiliiva, kikapakuliwa, kikapoa, nami bado nasoma.

Ndani ya daftari lile mna nchi. Jina lake ni Zanduria. Usijisumbue kuitafuta katika ramani. Ina mito miwili, reli moja, na miji kumi na miwili, na kila mji una timu yake ya kandanda. Juu ya timu zote limeketi Shirikisho la Kandanda la Zanduria, kwa kifupi SHIKAZA, lenye mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kamati ya marefa, kamati ya nidhamu, na kamati ya rufaa yenye wazee watatu. Mwenyekiti ndiye huyo huyo kijana wa orofa ya tatu. Mshahara wake umeandikwa waziwazi katika ukurasa wa mapato na matumizi: "Hakuna. Pesa zimenunua nyavu."

Kila mechi huamuliwa kwa dadu mbili za ludo. Nyekundu ni ya wenyeji, nyeupe ni ya wageni. Ikianguka moja ni bao moja, mbili ni mabao mawili, hivyo hivyo hadi tano. Lakini sita ni sufuri. Katika ludo sisi sote huiomba sita kama mvua ya masika. Zanduria sita ni msiba.

Timu kumi na mbili zikicheza nyumbani na ugenini zinatimiza mechi 132. Nilizihesabu, zote zimo, na hakuna hata moja iliyokosa tarehe, jina la refa na idadi ya watazamaji. Mapato ya langoni yamegawanywa: asilimia 60 kwa wenyeji, 30 kwa wageni, 10 kwa SHIKAZA. Kuna mchezaji aliyefungiwa mechi tatu kwa kumtemea mate mshika kibendera. Kuna klabu iliyotozwa faini kwa kuwa mashabiki wake waling'oa viti, na wiki mbili baadaye imeandikwa kwamba faini imelipwa na risiti kutolewa. Nasema wazi kwamba ukurasa huo wa risiti nilirudi nao nyuma kuusoma tena.

Radi ndiyo timu ya roho ya mwenyekiti. Nembo yake imechorwa kwa rangi tatu katika ukurasa wa kwanza kabisa, kabla hata ya katiba. Lakini msimu huu Radi ilianza vibaya, ikaendelea vibaya, na siku ya mwisho ilihitaji sare tu ili isishushwe daraja. Ikasafiri ugenini. Dadu nyekundu ikaanguka mbili. Dadu nyeupe ikaanguka sita.

Mbili kwa bila. Radi imeshuka.

Chini ya matokeo hayo pana barua ya rufaa. Viongozi wa Radi wanalalamika kwamba uwanja ulijaa maji na kwamba dadu iligonga mguu wa kitanda kabla ya kutulia. Ukurasa wa pili ni uamuzi: "Rufaa imetupwa. Kura 3 kwa 0. Rejea ibara ya 14." Nikaifungua katiba. Ibara ya 14 inasema: "Matokeo yakishaandikwa kwa kalamu ya wino hayafutwi na mtu yeyote, hata Mwenyekiti." Hapo wino umetapakaa kidogo, sikuuliza kwa nini.

"Lakini, jirani," mama akaniuliza, "si ni yeye mwenyewe aliyeandika? Si afute tu, ale chakula?"

Msomaji, hilo ndilo swali lililoninyima usingizi.

Kwanza nilimtuliza mama kuhusu mambo ya kurogwa. Mwanawe si wa kwanza. Mwaka 1826 huko Haworth, Uingereza, kasisi mmoja aitwaye Brontë alimletea mwanawe sanduku la askari wa mbao. Watoto wanne wa nyumba hiyo wakawabunia askari hao himaya nzima, wakaiweka, amini usiamini, katika pwani ya Afrika Magharibi, na wakaiandikia majarida na vitabu vidogo vya kutoshea kiganjani. Watatu kati yao, Charlotte, Emily na Anne, baadaye walikuja kuwa waandishi wa riwaya ambazo hadi leo wanafunzi wetu wa vyuo vikuu huzisoma.

Yupo pia Mmarekani Jack Kerouac, aliyezaliwa mwaka 1922 katika mji wa Lowell, jimbo la Massachusetts. Dunia ilimjua kwa kitabu chake On the Road cha mwaka 1957 na kwa kutangatanga barabarani. Kitu ambacho hata wengi wa rafiki zake hawakukijua ni kwamba tangu utotoni alikuwa na ligi yake ya siri ya besiboli, ule mchezo wa Wamarekani wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia. Timu zake alizipa majina ya magari: Pittsburgh Plymouths, New York Chevvies, Boston Fords. Alianza kwa gololi na vijiti vya meno, baadaye akatengeneza kadi zake mwenyewe. Aliandika takwimu, misimamo ya ligi, habari za magazeti juu ya mechi ambazo hazijachezwa popote, hata hesabu za fedha za vilabu. Na hakuacha alipoota ndevu. Aliendelea nayo akiwa mtu mzima mwenye jina, karibu hadi kifo chake mwaka 1969. Leo makaratasi hayo yamehifadhiwa katika Maktaba ya Umma ya New York. Fikiria kama yangekutana na baba mwenye jiko la makaa.

Hata hivyo, aliyeliona swali la mama wa orofa ya tatu kwa undani zaidi ni Robert Coover, Mmarekani mwingine, katika riwaya yake ya mwaka 1968 ambayo jina lake ni refu kama la kampuni ya bima: The Universal Baseball Association, Inc., J. Henry Waugh, Prop. Huyo Henry Waugh ni mhasibu, mtu wa makamo, mkiwa. Mchana anahesabu pesa za watu, usiku anarudi nyumbani kuendesha chama chake cha besiboli juu ya meza ya jikoni kwa dadu tatu na majedwali. Wachezaji wake wanazaliwa, wanazeeka, wanachaguliwa kuwa viongozi, wanakufa. Kisha anaibuka chipukizi mmoja, mrushaji mpira hodari kupita wote, na Henry anampenda kama mwanawe wa kumzaa. Usiku mmoja dadu zinaanguka moja, moja, moja. Jedwali linasema kwamba mpira umempiga kijana na kumuua.

Henry angeweza kurusha tena. Nani angemwona? Harushi. Anazika, analia, anaharibu kazi yake ya mchana kwa huzuni. Lakini uchungu hauishi, na mwishowe, ili kumwadhibu aliyeurusha mpira ule, anazichukua dadu kwa vidole vyake na kuzipanga mwenyewe: sita, sita, sita. Sitakusimulia yote. Nitasema tu kwamba baada ya usiku huo mchezo si mchezo tena. Unageuka kuwa kitu kingine, na Henry mwenyewe anapotea ndani yake.

Nilipolisoma jambo hilo nilijua ladha yake, maana nimewahi kuzipanga dadu.

Katika mtaa wa Eastlands tulikokulia hatukuwa na vitu vya dukani. Waingereza walikuwa na Subbuteo, mchezo aliouanzisha Peter Adolph mwaka 1947 kwa vichezaji vidogo vya kusukumwa kwa kidole, na seti za kwanza zilikuja na chaki ili mteja ajichoree uwanja juu ya blanketi kuukuu la jeshi. Wabrazil walitumia vifungo vya nguo, nao mchezo huo ukatambuliwa rasmi nchini mwao mwaka 1988. Wenye kucheza kandanda ya mezani wana hata shirikisho lao la kimataifa, FISTF, tangu mwaka 1992, lenye kanuni, marefa na kombe la dunia. Sisi tulikuwa na vifuniko vya soda, sakafu ya saruji, punje ya mahindi kuwa mpira, na visanduku viwili vya kiberiti kuwa magoli.

Timu yangu ilikuwa ya vifuniko vya Coca-Cola. Ndugu yangu mdogo alichezesha vya Fanta. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa chama kwa sababu mbili: nilikuwa mkubwa, na daftari lilikuwa langu. Likizo moja tukacheza fainali, naye akanifunga mbili kwa moja, bao la pili kutoka mbali, zuri kiasi kwamba hata mimi nilipiga makofi. Usiku, yeye akiwa amelala, nikachukua kifutio. Tulikuwa tukiandika kwa penseli. Nikafuta, nikaandika: "Mechi imebatilishwa. Refa hakuwa na kibali."

Asubuhi akalifungua daftari, akasoma. Hakulia, hakunisemea kwa mama. Alivikusanya vifuniko vyake kumi na kimoja kimya kimya, akatoka nje, akavitupa katika pipa la taka. Hakucheza nami tena. Siku hizi ni mtu mzima, ana mke na watoto, na tunapendana sana. Mwaka jana tulikuwa shambani tukila mahindi ya kuchoma na kuzungumza habari za mipaka ya ardhi, mara akaniangalia akasema: "Lakini ile fainali, kaka, nilishinda." Ni miaka zaidi ya ishirini imepita.

Watu wengi hudhani shirikisho la kandanda ni jumba, magari na suti. Lakini lile la kwanza kabisa, chama cha Waingereza, kilianzishwa ndani ya mkahawa wa vinywaji, Freemasons' Tavern jijini London, tarehe 26 Oktoba, 1863. Watu walikaa mezani, wakaandika sheria kumi na tatu. Klabu ya Blackheath ilikasirika kwa kuwa wenzao walitaka kupiga marufuku desturi ya kuwapiga mateke ya miguu wapinzani, ikajiondoa. Hakuna polisi aliyewalazimisha waliobaki kuzifuata sheria hizo. Walikuwa wameziandika, basi.

Hata FIFA, iliyoundwa Paris tarehe 21 Mei, 1904 na nchi saba, ilikuwa na kipande cha Zanduria ndani yake. Uhispania ilihesabiwa miongoni mwa hizo saba, na ilhali haikuwa na shirikisho la taifa wakati huo! Iliyosimama badala ya taifa ilikuwa klabu ya Madrid. Yaani kulikuwa na nchi ya kandanda iliyokuwapo kwenye karatasi kabla haijakuwapo yenyewe.

Karatasi ile ile ndiyo iliyokuja kuwa na mabilioni, na tunajua yaliyofuata. Tarehe 27 Mei, 2015 polisi wa Uswisi waliingia alfajiri katika hoteli ya kifahari mjini Zurich na kuwatia mbaroni wakuu saba wa kandanda kwa madai ya rushwa. Nasi hapa nyumbani tuna yetu. FIFA iliifungia Kenya mwaka 2004, ikaifungia tena 2006, na ikaifungia tena Februari 2022 baada ya serikali kulivunja shirikisho kwa tuhuma za matumizi mabaya ya fedha. Adhabu hiyo ya mwisho iliondolewa Novemba mwaka huo huo, lakini tayari Harambee Stars walikuwa wameondolewa katika mechi za kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika la 2023, pamoja na Zimbabwe. Wachezaji ambao hawajawahi kuingia ofisi yoyote walikaa nyumbani wakitazama wenzao kwenye televisheni.

Nilikuwa nimefika hapo katika mawazo yangu, na mama bado yuko kitini na chai yake, mlango ulipobishwa tena. Sasa ni baba mtu.

Ni fundi wa magari, mwili wa miraba minne, mikono ambayo haitakati hata kwa sabuni ya unga. Hakuketi. "Nipe hicho kitabu," akasema.

Nikampa, lakini kikiwa kimefunguliwa ukurasa wa ibara ya 14. Nikamwambia kwa upole, "Mzee, soma hapo tu, kisha ukachome."

Akasoma akiwa amesimama chini ya taa. Akasoma tena, mara hii kwa sauti. Kisha akavuta kiti.

Mimi sikujua, na nadhani hata mkewe hakujua vyema, kwamba mtu huyu ujanani alikuwa mlinda lango. Alichezea timu ya mji wao mdogo katika ligi ya mkoa. Msimu wake wa mwisho walihitaji ushindi mmoja ili wasishuke, wakaupata, bao moja kwa bila, na yeye alipangua penalti dakika za majeruhi. Watu walimbeba mabegani hadi kituo cha basi. Siku tisa baadaye ikaja barua ya chama. Timu pinzani imekata rufaa kwamba kadi ya mchezaji mmoja ilikuwa na kasoro. Ushindi wa mezani, mabao mawili kwa bila. Wakashuka daraja wakiwa kazini, wengine sokoni, wengine shambani, hakuna aliyeona bao likiingia.

"Tulikwenda kwa huyo katibu," akasema. "Tulimkuta anakula nyama. Akatuambia, 'Vijana, imeshaandikwa.' Mimi nikaviacha viatu pale pale mlangoni kwake. Sijagusa mpira tena."

Mkewe alikuwa akimtazama kama mtu anayemwona mgeni.

"Sasa nakuja kwangu," akaendelea, "nainua godoro la mtoto, nakuta ana shirikisho! Kamati! Rufaa! Nikasema, Mungu wangu, ugonjwa huu ni wa damu?" Akalitazama daftari. "Ile penalti niliipangua. Hawa wa kwake wameshindwa kweli?"

Nikamwonyesha: nyekundu mbili, nyeupe sita.

"Na timu ni yake mwenyewe."

"Ni yake."

"Na angeweza kufuta."

"Kwa wino isingekuwa rahisi," nikamwambia, "lakini angeweza kuchana ukurasa."

Alikaa kimya muda mrefu. Mwishowe akasema, "Huyu mtoto ana kichaa," akalikunja daftari, akalitia ndani ya jaketi upande wa kifuani, akamwambia mkewe waende zao. Ngazini nilimsikia akiuliza kama kile chakula cha mtoto bado kimefunikwa.

Sikuwaona tena wiki nzima. Jumapili iliyofuata nikakutana na kijana akipanda na mkebe wa maziwa. Nikamuuliza habari za Radi.

"Wako daraja la pili, Anko. Msimu unaanza Jumamosi."

"Na baba je, amekasirika bado?"

Akasita, akaweka mkebe chini. "Baba alileta barua. Anataka kusajili timu. Gereji FC. Amejiandika mlinda lango."

"Hongera! Itacheza dhidi ya Radi?"

"Bado haijakubaliwa, Anko. Alileta Ijumaa, na mwisho wa usajili ulikuwa Jumatano. Sasa ameomba aongezewe siku mbili."

"Nanyi mmemjibu nini?"

Akauinua mkebe wake. "Kamati inakutana Alhamisi," akasema, akapanda zake juu.